Kichanga anapaliwa na maziwa kila usiku, naombeni ushauri

MamaKichanga: Wakuu, mwanangu ana wiki 7. Usiku akinyonya chupa anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanamtoka, maziwa yanatokea puani. Nikiyafanya mazito kidogo si yatapungua kasi?

ShangaziMkali: Chupa ya nini na maziwa unayo? Mabinti wa siku hizi!

MkungaZamu: Shangazi, hilo hajauliza. Mleta mada, pindua chupa. Maziwa yanadondoka tone tone au yanachuruzika?

MamaKichanga: Yanachuruzika. Niliitoboa chuchu kidogo kwa sindano ya moto, alikuwa anachelewa kumaliza. Kidogo tu jamani.

MkungaZamu: Itupe. Kichanga hupokezanisha kunyonya, kumeza na kupumua. Maziwa yakimzidi kasi yanaingia njia ya hewa. Unga usiweke. Mpakate karibu wima, chupa ilale, maziwa yatoshe tu kuingia kwenye chuchu. Kila mililita 20 hadi 30 ishushe avute pumzi, umcheulishe. Akikodoa macho, akitanua vidole au maziwa yakivuja pembeni mwa mdomo, amezidiwa.

Kibopa: Mimi nikipaliwa na supu nani atanicheulisha? 😂

Mdadisi: Subirini. Juzi kwenye uzi mwingine huyu alisema usiku mtoto ananyonya mwenyewe. Wiki 7 anashika chupa? Hii chai.

MamaKichanga: Si chai! Chupa naiegemeza kwa mto, na mimi nipo hapohapo. Usiku sina wa kunipokea. Mbona siku nyingine anamaliza vizuri?

HudumaYaKwanza: Iwe chai, iwe kweli, kuna wanaosoma wakiwa na vichanga. Mto haujui mtoto ameacha kumeza. Chupa inaendelea kumimina tu.

Akikohoa kwa nguvu au kulia, mwinue umwache akohoe. Hatoi sauti, hewa haipiti, midomo inageuka bluu? Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono uuegemeze pajani, kichwa kiwe chini kuliko kifua, shika taya bila kubana koo. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Bado? Mgeuze chali, kichwa kikiwa chini vilevile, bonyeza katikati ya kifua mara 5, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia 5 kwa 5, mwenzako akipiga simu ya dharura. Akizimia, mlaze pagumu: mibonyezo 30, pumzi 2, bila kuacha. Tumbo usilikandamize, miguu usimning'inize, na kidole usiingize kooni kutafuta usichokiona.

ShangaziMkali: Mpulize utosini tu, itashuka.

HudumaYaKwanza: Utosini hakuna njia ya hewa, shangazi.

MamaKichanga: Sasa nikinunua chuchu mpya, mto naweza kuendelea nao?

MkungaZamu: Hapana. Na maziwa ya puani kila mara, mpeleke wakague kaakaa na umezaji wake. Akianza kuhema haraka, kukoroma kifuani au kupata homa baada ya kupaliwa, usingoje asubuhi.