Naombeni ushauri: albamu ya kwanza ya bendi ya roki, nyimbo 14, siku 6 za studio

BesiChini:
Wakuu, heshima kwenu. Bendi yetu ina watu wanne: magitaa mawili, besi na dramu. Mmoja wa wapiga gitaa ndiye mwimbaji. Tunataka kurekodi albamu ya kwanza. Nyimbo tunazo 14, na studio tumepata siku 6 mfululizo. Ina chumba kikubwa cha kupigia, kibanda cha kuimbia na intafesi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) ya njia 16. Fundi mitambo yupo na ni mtu makini, ila kazi zake nyingi ni za kuimba juu ya biti, hajawahi kurekodi dramu halisi.

Ninachoomba kujua: tupige wote kwa pamoja au kila mmoja kwa zamu yake? Siku 6 zinatosha nyimbo 14? Na kazi ikishaiva, tuitoeje ili ifike mbali zaidi ya marafiki zetu? Mfuko hauruhusu kurudi studio mara ya pili, kwa hiyo msinionee haya. Nawasilisha.

NgoziMbili:
Mkuu, nyimbo 14 kwa siku 6 zitarekodika, ila hazitarekodika vizuri. Chujeni zibaki 9 au 10. Siku ya kwanza karibu yote huishia kwenye kufunga dramu, kupanga maiki na kutafuta mlio. Ya pili na ya tatu ni dramu na besi za nyimbo zote. Ya nne ni magitaa ya kurudia na solo, na jioni yake mwimbaji aanze nyimbo mbili. Nane zilizobaki zigawanywe siku ya tano na ya sita. Koo la mwimbaji wa roki likishavuka nyimbo nne kwa siku huanza kukwaruza, na mkwaruzo wa uchovu haufanani na ule mnaoutaka.

Watu hupenda kutaja kwamba Beatles walirekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza ndani ya siku moja, tarehe 11 Februari 1963, na kwamba Black Sabbath walimaliza karibu yote ya kwao kwa siku moja mwaka 1969. Ni kweli, lakini nyimbo zile walikuwa wameshazipiga jukwaani usiku baada ya usiku. Na hata Beatles, wimbo wa kupasua koo waliuacha wa mwisho kabisa, kwa sababu John Lennon alikuwa na mafua. Nanyi fanyeni hivyo kila siku: wimbo mkali ufunge kazi.

Kwa hiyo albamu yenu inaanzia chumba cha mazoezi. Kila wimbo uwe na karatasi yake: ufunguo, kasi kwa mapigo ya dakika, idadi ya baa kwa kila beti na kiitikio, na pale wote mnaponyamaza. Kisha wewe wa besi ukae na mpiga dramu peke yenu, bila gitaa, mpitie kila wimbo mwanzo hadi mwisho. Jukwaani gitaa hufunika kila kitu. Studio ndiko mtagundua kwamba kiki (dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu) inapiga mbili wakati besi inapiga tatu, na kila gonga la hivyo linanyang'anya wimbo uzito wake.

Ngozi mpya za dramu zifungwe siku moja kabla, si asubuhi ya kurekodi, maana saa za mwanzo hulegea. Snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ikaguliwe kila baada ya teki (jaribio moja la kurekodi) mbili tatu: skrubu zilizo karibu na pale fimbo inapogonga ukingo ndizo hulegea kwanza. Pedali ya kiki itiwe mafuta. Kile kilio cha chuma husikika kwenye wimbo wa taratibu na kukitoa baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa.

MlioSafi:
Naungana na NgoziMbili. Naongezea upande wa mitambo, na hapa mwite fundi wako asome.

Njia 16 zinatosha kabisa. Kiki moja, snea mbili (juu na chini), tomu mbili, maiki za juu mbili, maiki ya chumba moja: hizo nane. Besi mbili, moja ikipita kisanduku cha DI (kinachoingiza mlio moja kwa moja bila maiki) na nyingine mbele ya amplifaya. Kila gitaa maiki mbili, jumla nne. Sauti ya kuongozea (ya muda, ya kuwaelekeza wapigaji) moja. Inabaki njia moja ya fundi kuongea na wapigaji kwenye hedifoni.

Kinachoharibu dramu nyingi za mara ya kwanza ni maiki kupingana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde moja. Maiki moja ya juu ikiwa mbali na snea kwa sentimita 34 zaidi ya mwenzake, mawimbi ya karibu hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde) yanafika yakiwa kinyume na kuuana yakichanganywa. Snea inabaki kama boksi tupu, na fundi ataanza kupandisha ekwalaiza (kirekebisha mlio) akidhani tatizo ni maiki mbovu. Dawa yake ni uzi. Shika ncha moja katikati ya snea, nyoosha hadi maiki ya kwanza iliyo juu yake, karibu mita moja, kisha kwa urefu uleule sogeza ya pili upande wa tomu ya sakafuni ikitazama snea. Ndiyo mbinu inayojulikana kwa jina la Glyn Johns, fundi aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin.

Maiki ya chini ya snea geuza polariti, yaani mawimbi yake yapinduliwe juu chini. Fimbo ikigonga, ngozi ya juu inaikimbia maiki ya juu, ile ya chini inaisogelea maiki ya chini. Bonyeza kitufe, sikiliza mara mbili, chagua upande wenye mwili mzito zaidi.

Rekodi kwa biti 24, kHz 48, vilele viishie kati ya desibeli -12 na -10. Msikimbilie taa nyekundu. Biti 24 zina nafasi tele chini na kelele ya mashine haitasikika.

KambaSita:
Kuhusu magitaa, punguzeni mkwaruzo (distoshini ya amplifaya au pedali). Ule mnaoutumia jukwaani, studio ushusheni kwa robo hadi theluthi. Mkwaruzo mwingi hubana mlio, ncha ya pigo inapotea, na mkirudia gitaa mara mbili inageuka ukungu. Unene wa roki kwenye rekodi unatoka kwenye kupiga sehemu ileile mara mbili, teki moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Ni lazima zipigwe kweli, si kunakili faili. Nakala ya faili inakaa katikati tu, kwa sauti kubwa zaidi.

Maiki iwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika. Ikitazama katikati ya koni mlio ni mkali, ikielekea ukingoni unapoa. Kusogea kwa sentimita moja kunabadilisha mengi kuliko ekwalaiza, hivyo mmoja apige na mwingine asogeze huku fundi anasikiliza chumba kingine.

Nyuzi mpya siku moja kabla, zivutwe mpaka zitulie. Halafu pimeni fureti ya 12: noti ya kubonyeza na hamoniki yake (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) zilingane kwenye tyuna. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kiti cha uzi (pale unapokalia kwenye daraja la gitaa) nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Fanyeni na kwenye besi, watu huisahau, halafu kiitikio kinasikika kichungu na kila mtu anamlaumu mwimbaji. Tyuni kabla ya kila teki, bila kumhurumia mtu.

BesiChini:
Shukrani sana wakuu, hii ni shule. Ila bado swali la kupiga pamoja. Na mpiga dramu wetu hapatani na metronomu, akiisikia anakakamaa.

NgoziMbili:
Pigeni pamoja. Dramu na besi ndizo za kubaki. Magitaa na sauti ya kwanza viwe vya kuongozea, vikitoka vizuri mnavitunza. Amplifaya za magitaa ziwe nje ya chumba cha dramu au zifunikwe kwa magodoro, wapigaji wenyewe wabaki humo wakitazamana. Dramu ya mtu anayeangaliwa na wenzake ina pumzi ambayo huipati akiwa peke yake na hedifoni.

Metronomu: msimpigie kwa kila pigo. Mpeni mapigo ya noti nzima, au shekere ya programu badala ya ule mlio wa tik. Akishindwa bado, mpe kasi kwa baa mbili za mwanzo kisha zima. Wimbo unaopanda mapigo mawili matatu kwenye kiitikio hauna ubaya wowote, mradi upande kila kiitikio na si ovyo. Ila wimbo wenye kinanda au sauti zilizopangwa kwenye kompyuta, huo hauna njia, lazima metronomu.

MlioSafi:
Hapo kwenye kutunza magitaa ya kuongozea natofautiana kidogo. Mlio wa gitaa ukivuja kwenye maiki za juu za dramu, umefungwa nao maisha. Gitaa likikosea, huwezi kulifuta bila kufuta matoazi. Kwa hiyo kama amplifaya itabaki chumba kimoja na dramu, mpiga gitaa awe na uhakika. Na kila gitaa lipitishwe DI pia. Mlio ukija kukukataa, unaurudisha kwenye amplifaya baadaye bila kumwita mtu. Kwa njia 16 maana yake ni kupunguza maiki ya pili ya kila gitaa. Ni biashara nzuri.

SikioLaNne:
Miksi mkuu, yaani kuchanganya njia zote ziwe wimbo mmoja. Malizeni wimbo mmoja kwanza, ule unaowakilisha bendi, ndipo mipangilio yake iwe msingi wa mingine. Magitaa yakatwe chini ya hezi 80 hadi 100, pale ni nyumba ya kiki na besi. Matope, ule mlio mzito usio wazi, yapo kati ya hezi 200 na 400. Sikilizeni kwa sauti ya chini, na kila mara bonyezeni mono (kushoto na kulia kuwa sauti moja): gitaa likitoweka kwenye mono, kuna maiki zinapingana.

Masta, yaani ukamilishaji wa mwisho baada ya miksi, mpeni mtu mwingine mwenye masikio mapya. Msishindane kwa kelele. Spotify husawazisha kwa takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani). Albamu iliyobanwa hadi -7 itateremshwa desibeli 7, na kitakachobaki ni dramu zilizolala. Kwa roki -10 hivi inatosha, kilele kisipite desibeli -1.

HakiYaMtunzi:
Kabla ya siku ya kwanza ya studio, andikeni karatasi ya mgawo: nani katunga mashairi, nani muziki, asilimia ngapi kila wimbo, jumla 100, sahihi nne. Jambo hili likiachwa hadi wimbo uanze kuingiza hela, linavunja bendi. Tofautisheni haki ya utunzi na haki ya rekodi yenyewe. Ya pili, muwe na maandishi kwamba ni ya bendi, si ya studio, na faili za kila njia mnaondoka nazo kwenye diski mbili.

Kila rekodi ina ISRC yake, yaani namba ya kuitambulisha, herufi na tarakimu 12. Wimbo ukitoka kama singo kisha ukaingia kwenye albamu, tumieni ISRC ileile, ili hesabu ya wasikilizaji isianze sifuri. Na mjue kwamba tangu 2024 Spotify haiilipi rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Ndiyo maana nami nasema 9 au 10. Nyimbo nne za kujazia zitakaa bila senti.

Mhakiki_wa_Usiku:
Kuitoa: masta ikamilike, kisha mjipe wiki 10. Singo ya kwanza wiki ya 6 kabla ya albamu, ya pili wiki ya 3. Kwa Spotify, wimbo mmoja ambao haujatoka pendekezeni kwa wahariri wao siku 7 kabla au mapema zaidi. Ukishatoka mlango umefungwa. Kava iwe pikseli 3000 kwa 3000.

Waandishi na watangazaji waandikieni wiki 4 hadi 6 kabla, mmoja mmoja kwa jina, sentensi tatu, kiungo cha kusikiliza bila kupakua, picha mbili zenye ubora. Kumbusheni mara moja tu, baada ya siku kumi. Msiandike "muziki wetu haufanani na wa mtu yeyote". Semeni mnafanana na nani na mnatofautiana wapi. Mwandishi anatafuta pa kushika.

Mapitio mabaya yakija, msijibu. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ya 1969 na ya Black Sabbath ya 1970 zote zilipondwa na jarida la Rolling Stone, na ya Black Sabbath ilifika nafasi ya 8 Uingereza. Lakini msifanye hilo kuwa kinga. Wahakiki watatu wasiofahamiana wakisema sauti imezama kwenye miksi, imezama.

BesiChini:
Nimewaelewa, tunachuja leo. La mwisho: mpangilio wa nyimbo? Tunafikiria pia santuri.

SikioLaNne:
Kama ni santuri, kila upande uwe dakika 18 hadi 20. Ukivuka 22 mlio unashuka. Sindano ikikaribia katikati, mfereji unapita polepole chini yake na sauti kali za "s" na matoazi huanza kuchanika, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande uwe mpole. Wimbo mzito kabisa uwe wa kwanza upande A, unaoufuatia kwa nguvu uwe wa kwanza upande B. Wa pili na wa tatu visifuatane kwa ufunguo mmoja na kasi moja. Mapengo kati ya nyimbo msiyaache yote sekunde mbili. Baada ya wimbo wa taratibu ongeza, na baada ya wimbo unaokatika ghafla punguza hadi nusu sekunde. Mpeni mtu wa masta orodha hiyo ikiwa imeandikwa, pamoja na pande zilivyogawanyika.