Charles de Gaulle hadi Marseille kwa TGV (treni ya kasi) nikiwa na mama: nikate tiketi ipi?

BintiKassim:
Salaam jamani. Naomba msaada kwa wanaoijua Ufaransa. Mwezi wa saba mimi na mama tunakwenda Marseille kwenye harusi ya binamu yangu. Ndege inatua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, alfajiri, Terminali 2E. Mama ana miaka 68, goti linamsumbua, anatembea na mkongojo. Tuna masanduku mawili makubwa, nguo za harusi na zawadi za watu.

Nimeangalia bei kwenye simu mpaka nimechanganyikiwa. Kuna OUIGO, treni ya kasi ya bei ya chini, inayoondokea kituo cha Gare de Lyon mjini Paris. Kuna TGV INOUI, treni ya kasi ya kawaida, nayo ya Gare de Lyon. Halafu kuna chache zinazoanzia palepale uwanja wa ndege, lakini zinachelewa kidogo njiani na nauli yake iko juu. Binamu anasema nichukue ya bei ya chini kabisa. Nyinyi mngefanyaje? Na ni kweli nauli hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia?

KakaReli:
Karibu dada. Nauli ndiyo, hupanda viti vinavyozidi kuchukuliwa, na mwezi wa saba Wafaransa wenyewe wanakimbilia kusini, kwa hiyo kata mapema. Mauzo hufunguliwa kwa awamu, miezi kadhaa kabla.

Mimi ningekwenda Gare de Lyon. Kutoka uwanjani unapanda RER B, treni ya Paris na vitongoji vyake, hadi kituo cha Châtelet–Les Halles, unabadili kwenda RER A au D, kituo kimoja tu umefika. Treni za Marseille pale ni nyingi, mwendo ni saa tatu na dakika kidogo, na tangu Juni 2025 Trenitalia, kampuni ya reli ya Italia, nao wanaendesha njia hiyo, kwa hiyo bei zina ushindani. Ndege ikichelewa, treni nyingine ipo. Zile za uwanja wa ndege ni chache, ukiikosa moja utakaa sana.

MwanaSaintCharles:
BintiKassim mdogo wangu, mimi naishi Marseille na mama yangu mzazi huja kunitembelea kwa njia hiyohiyo. KakaReli hajasema uongo kuhusu wingi wa treni, ila hiyo ni hesabu ya mtu mwenye begi moja mgongoni. Wewe una mzee mwenye goti na masanduku mawili. Chukua treni ya uwanja wa ndege.

Kituo cha TGV kiko ndani ya Terminali 2 yenyewe, kati ya 2C/2D na 2E/2F. Mkishatoka na mizigo mnatembea ndani kwa ndani, na lifti inawashusha hadi kwenye reli. Basi. Sasa linganisha na upande wa pili: RER B ya asubuhi imejaa watu wanaokwenda kazini, halafu Châtelet–Les Halles na korido zake, halafu RER nyingine, halafu Gare de Lyon yenyewe. Pale Ukumbi wa 1 njia za treni zina herufi, Ukumbi wa 2 zina namba, na ubao hukuonyesha njia yako kama dakika 20 kabla ya kuondoka. Milango ya treni hufungwa dakika 2 kabla ya muda. Kijana atatimua mbio. Mama atafanyaje? Mkisema mchukue teksi, bei iliyopangwa rasmi kutoka Charles de Gaulle hadi ukingo wa kulia wa mto Seine, ambako Gare de Lyon iko, imekuwa euro 56. Nafuu yote ya tiketi imeishia hapo.

Na hiyo OUIGO, soma masharti ya mizigo kabla hujafurahia bei. Nauli ya kawaida inakuruhusu begi dogo la sentimita 55 kwa 35 kwa 25 na mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa unalilipia zaidi, na ukingoja kulilipia siku ya safari unalipa zaidi ya hapo. INOUI inakubali masanduku mawili ya hadi sentimita 70 kwa 90 kwa 50 kwa kila msafiri, pamoja na mkoba. Kila mzigo uandikwe jina lako, hiyo ni sheria.

Jambo la KakaReli ninalolikubali moja kwa moja ni la ndege kuchelewa. Tiketi ya ndege na ya treni zikiwa zimekatwa mbalimbali, treni haikusubiri na hakuna wa kukufidia. Kwa hiyo usijibane. Mimi humwachia mama nafasi ya saa nne tangu kutua: foleni ya pasipoti, masanduku, msala, chai. Mnakaa, mnapumzika, treni inawakuta mmetulia. INOUI pia inakuruhusu kubadili au kurudishiwa pesa bila makato hadi siku 7 kabla ya safari, baada ya hapo kuna ada.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: huduma inayoitwa Assist'en gare. Ni bure. Unaiomba angalau saa 24 kabla, na mtumishi wa kituo anampokea mama, anamsindikiza mpaka ndani ya behewa, na kule Marseille mwingine anampokea. Usione haya kuiomba. Mkongojo unatosha kuwa sababu.

BintiKassim:
Allah akubariki dada, umenifungua macho. Nina mawili zaidi. Kwenye kuchagua kiti naulizwa ghorofa ya juu au ya chini, mimi nilitaka juu mama aone nchi. Na kuna kadi ya punguzo ya wazee, inafaa kwa mtu anayekuja mara moja?

MwanaSaintCharles:
Chini, tafadhali. Chagua "salle basse". Ngazi za kupandia juu ndani ya treni ni nyembamba na zina kona, na mtu mwenye mkongojo anazipanda huku wenye masanduku wanamsukuma nyuma. Halafu treni hizi za ghorofa zimejengwa hivi: njia ya kutoka behewa moja kwenda jingine iko juu tu. Maana yake wapitanjia wote wako juu, na huko chini hakuna anayekupita isipokuwa wa behewa lenu, na msala uko karibu. Mama yangu hulala pale kuanzia Lyon bila kusikia kitu. Ubaya wake ni kwamba duka la vyakula nalo liko juu, kwa hiyo mpakie chakula na maji, au wewe ndiye upande. Na nchi ataiona tu, madirisha yapo.

Angalia pia namba ya behewa. Mara nyingi treni mbili huunganishwa pua kwa pua, moja ina behewa 1 hadi 8, nyingine 11 hadi 18, na ndani huwezi kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Wakati mwingine zinaachana njiani kila moja na mji wake. Kando ya reli kuna herufi kubwa na ubao unaoonyesha behewa lenu litasimama kwenye herufi gani. Simameni hapo mapema, treni ikiingia mlango unakuwa mbele yenu.

Kadi: Carte Avantage Senior, miaka 60 na kuendelea, euro 49 kwa mwaka, punguzo la asilimia 30. Huhitaji kuwa mkazi. Piga hesabu mwenyewe: ili euro 49 zirudi, nauli za mama peke yake, kwenda na kurudi, zifike kama euro 163 kabla ya punguzo. Ukikata mapema mkapata bei nzuri, kadi haina kazi. Mkichelewa na nauli ya Julai imepaa, inunue. Kwenye OUIGO haitumiki.

Bi_Tatu:
Naongeza dogo. Treni nyingi husimama Aix-en-Provence TGV kabla ya Marseille, na watu wengi huanza kusimama na mizigo wakidhani wamefika. Tulieni. Kituo kile kiko mbali na mji. Kutoka hapo kuna handaki refu, karibu kilomita 8, mkitokea upande wa pili ndipo mko Marseille.

Na mkifika Saint-Charles, kituo cha Marseille, msifuate wapiga picha kwenye zile ngazi kubwa za mbele. Zina vidato 104! Wenyeji waje kuwapokea ndani ya ukumbi.

KakaReli:
Dada MwanaSaintCharles, kwa mzee mwenye goti nakubali hoja yako. BintiKassim, zingatia mgomo tu. Ukitangazwa, ratiba halisi hutolewa jioni ya siku moja kabla, saa kumi na moja hivi. Kwa hiyo weka barua pepe unayoifungua kweli wakati wa kukata tiketi, taarifa huja hapo. Na treni ya INOUI ikichelewa dakika 30 au zaidi, dai fidia: inaanzia asilimia 25 ya nauli, na ikipita saa tatu ni asilimia 75.

BintiKassim:
Nimekata. INOUI kutoka uwanja wa ndege, behewa la 3, chini, viti viwili vya pamoja. Nimeacha nafasi ya saa nne na nusu. Kadi sikununua, nauli za mama hazikufika hiyo 163. Nikishahakikisha ratiba ya ndege haijabadilishwa, naomba Assist'en gare. Binamu nimemwambia aje ndani ya ukumbi.