Bonge la damu kukwama kwenye njia panda ya mshipa mkuu

Mkulima wa Uyole: Shikamooni wakubwa. Mama mdogo wa Tukuyu, mwenye ugonjwa wa valvu (kilango) ya moyo tangu ujana, alishikwa ghafla na maumivu ya miguu yote miwili akiwa anachambua maharage. Tulidhani ni baridi ya Juni, tukamkanda kwa maji ya moto. Daktari akasema bonge la damu limekwama panapogawanyika mshipa mkuu. Kwa nini hapo hasa?

Tabibu, Iringa: Poleni sana. Aota, yaani huo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hugawanyika karibu na usawa wa kitovu, na kila tawi ni jembamba kuliko shina, hivyo bonge kubwa lililotoka moyoni hushindwa kupita, likalala hapo kama tandiko mgongoni mwa punda na kuziba pande zote mbili. Valvu mbovu huweza kuufanya moyo upige bila mpangilio, na moyo wa namna hiyo huacha damu ituame, nayo huganda. Misuli huanza kuharibika ndani ya saa sita hivi. Kukanda kunapoteza muda, tena mguu wenye ganzi huungua bila mgonjwa kuhisi.

Muuguzi mstaafu: Gusa mguu: ukiwa wa baridi, umepauka na hauna mapigo, msisubiri asubuhi. Mrija wenye puto nchani, aliouvumbua daktari wa upasuaji Thomas Fogarty na kuuelezea mwaka 1963, huingizwa kupitia kinena, ukalivuta bonge nje.

Mkulima wa Uyole: Ahsanteni. Ndivyo alivyofanyiwa, sasa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kupimwa damu mara kwa mara.