Mama kaulizwa hali, kajibu "mzima", wakala wa bima kaandika hana ugonjwa

Wakuu, hasira hizi nimekaa nazo wiki ya tatu, leo nazitoa.

Bi mkubwa wangu ni mtu wa Ngamiani hapa Tanga, miaka 67. Dada yangu anafanya kazi Hamburg, Ujerumani, akajifungua, akataka mama aende kumlea miezi mitatu. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, haitoki bila bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, ya matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata kama unarudi maiti. Sawa. Nikampeleka kwa wakala mmoja hapahapa mjini.

Sasa sikilizeni. Fomu Kiingereza kitupu, na mama Kiingereza hajui. Jamaa kashika kalamu, macho hakuinua: "Mama hujambo? Afya vipi?" Mama akajibu kama anavyojibu mtu yeyote wa Pwani mwenye adabu zake: "Sijambo mwanangu, alhamdulillah, mzima." Tiki kwenye "hapana", karatasi ikafunuliwa. Kumbe swali lilikuwa: una maradhi ya muda mrefu? Unatumia dawa gani? Mama ana presha tangu 2014! Kadi yake ya kliniki ya Bombo ilikuwa mkobani, imechakaa pembe mpaka kaibandika solotepu, hakuna aliyeiomba. Mimi nilikuwa nje na simu, kosa langu hilo nalikiri. Akaonyeshwa pa kusaini, akasaini. Tukapewa karatasi yenye muhuri, viza ikatoka, tukafurahi.

Wiki ya tano huko presha ikapanda 210 kwa 120, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Ambulensi, siku nne wodini. Walimhudumia vizuri, na madaktari sina neno. Daktari akamuuliza dada historia ya mgonjwa, dada akasema kweli, presha ya miaka mingi. Alitakiwa adanganye ili mama apewe dawa siyo? Ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikaenda kampuni ya bima, jibu likarudi mistari mitatu: ugonjwa ulikuwepo kabla ya safari na haukutajwa, madai yamekataliwa. Hospitali inadai yuro 4,860. Hizo ni karibu milioni 14.

Najua kuna mtu atakuja na "dada angemwingiza kwenye bima yake". Haiwezekani. Dada ni mgeni aliyeajiriwa, yumo kwenye bima ya afya ya lazima ya huko. Mtoto anaingia bila kulipiwa, mume pia kama hana kipato. Mama na baba hawamo. Mgeni wa siku 90 anategemea karatasi yake ileile.

Nikarudi kwa wakala. "Kaka, si mama mwenyewe alisema mzima? Na saini ni yake." Nikamwambia wewe umezaliwa Tanga, hujui salamu? Mtu yuko msibani, ukimuuliza habari si anakwambia nzuri? Jamaa akacheka. Halafu akaongeza, bila hata aibu: "Ningeandika presha, bei ingepanda au wangekataa kabisa, mkakosa viza."

Kwa hiyo alijua! Hakusahau kuuliza, aliuliza kijanja ili apate jibu analolitaka. Ametuuzia bima ya kuombea viza, siyo ya kuugulia, na kamisheni yake kala. Siku hizi hapokei simu yangu.

Dada kaomba kulipa yuro 150 kwa mwezi, hospitali imekubali. Mtoto atakuwa anaongea Kijerumani deni halijaisha. Mama karudi, na sasa jirani akimuuliza hali anamtolea kadi ya kliniki.

Nataka kulipeleka hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nina nakala ya fomu, na mwandiko wote ni wa wakala isipokuwa saini. Aliyewahi kupita njia hiyo aniambie: barua naanza kumwandikia nani, kampuni au msuluhishi moja kwa moja? Na mwandiko wake ule utanisaidia, au saini ya mama imeshatumaliza?