Naomba ushauri: droni ya kwanza ya bei nafuu kwa mtoto wa miaka 12 hapa Kasese, Uganda

Mjomba wa Kasese:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninamlea mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 12, ambaye tangu aliposikia shuleni kwamba mwaka 2021 dawa za wagonjwa zilianza kupelekwa kwa droni katika visiwa vya Kalangala, hana habari nyingine. Ni mtoto mwenye mikono yenye akili. Redio ya jirani iliyokuwa imenyamaza aliifungua mwenyewe, akakuta waya wa spika umeachia, akaulehemu, ikaimba. Nimemwahidi kwamba akimaliza muhula huu vizuri nitamnunulia droni yake ya kwanza, nami sipendi kumwahidi mtoto jambo kisha nikalipiga chenga.

Nimetenga shilingi laki sita, vipuri vikiwemo. Nilipopita katika maduka ya simu mjini Kampala nilionyeshwa maboksi mengi yaliyoandikwa "4K" na "GPS", lakini bei zake zilipishana mno na wauzaji hawakuweza kunieleza kwa nini. Naomba mnisaidie: je, kamera ni ya lazima kwa anayeanza? Je, kadroni kadogo nako kanahitaji ruhusa ya serikali? Na mtu asiyejua kitu aangalie nini kabla hajatoa pesa? Tuna sebule ya wastani, na kuna uwanja wa shule karibu nasi, ila alasiri upepo huwa mkali.

Mwalimu wa Sayansi, Tororo:

Hongera kwa kumsikiliza mtoto, Mjomba. Ninasimamia kikundi cha sayansi cha wanafunzi wa rika hilohilo, kwa hiyo nitakueleza ninayoyaona kwao.

Kamera si ya lazima, na kwa miezi ya mwanzo ni afadhali isiwepo, kwa sababu mtoto mwenye kamera hutazama simu badala ya kuitazama droni, na kinachopaswa kufundishwa kwanza ni mikono. Kwa kawaida kijiti cha kushoto cha rimoti hupandisha na kushusha droni na kuizungusha, na cha kulia huipeleka mbele, nyuma na pembeni. Hilo mtoto hulishika upesi. Ugumu huanza pale droni inapogeuka na kumtazama rubani, maana hapo kulia kwake kunakuwa kushoto kwa mtoto, na vidole vilivyozoea vinaipeleka moja kwa moja ukutani. Mazoezi yanayoondoa tatizo hilo ni ya kuchosha kidogo lakini hayana mbadala: aisimamishe hewani mahali pamoja mkia ukimwelekea, kisha ubavu mmoja, kisha ubavu wa pili, kisha pua, na akishaweza hayo yote aichoree hewani umbo la nane akizunguka viti viwili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni droni ndogo ya ndani, inayokaa kiganjani, yenye kinga kamili kuzunguka propela zote nne. Eachine E010 ni mfano mzuri wa aina hiyo, na Holy Stone HS210 ni mwingine, ambayo huuzwa na betri tatu kwenye boksi lake. Droni hizi zinagonga ukuta, zinaanguka, unaziokota na kuzirusha tena. Betri moja hudumu kati ya dakika tano na saba hivi, na ndiyo maana idadi ya betri ni muhimu kuliko maandishi yoyote utakayosomewa dukani. Katika laki sita zako, sehemu ndogo tu ndiyo itakayokwenda kwenye droni yenyewe, na kiasi kinachobaki kitanunua betri, propela na mota za akiba.

Mkaazi wa Entebbe:

Mjomba, kabla ya kuzungumzia aina, swali lako la ruhusa ndilo lenye uzito, nami nakuomba usilipite haraka. Nchini kwetu droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali cha usalama kutoka Wizara ya Ulinzi. Anayefika uwanja wa ndege wa Entebbe na droni ndani ya begi bila kibali huzuiliwa droni hiyo forodhani, na hali ni hiyohiyo kwenye mipaka ya Malaba na Busia, hata kama kule Nairobi ilinunuliwa kwa risiti halali. Ukimwagiza ndugu aliye Dubai akuletee, basi kibali kitangulie, droni ifuate.

Wengi hutamka gramu 250 kana kwamba chini ya uzito huo sheria haipo. Hiyo ni kanuni ya Marekani, ambako anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni iliyo chini ya kiwango hicho. Usiibebe ukaileta Kasese. Iandikie Mamlaka, au fika ofisini kwao, ueleze kwa jina lako wewe mtu mzima aina ya droni, uzito wake, kama ina kamera au haina, na kwamba itatumiwa na mtoto ndani ya nyumba, kisha utunze jibu lao pamoja na risiti ya dukani. Muuzaji naye muulize mzigo wake uliingiaje nchini, na akianza kuzungukazunguka, nenda duka jingine.

Zaidi ya hayo, hapo ulipo ni mahali penye uangalizi kuliko miji mingi. Mna kiwanja cha ndege mjini kwenu, mna Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth ambamo huruhusiwi kurusha droni bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori, na mpaka wa Mpondwe hauko mbali. Tangu shambulio la shule ya Mpondwe mwezi Juni 2023, kitu chenye kamera kinachopita juu ya nyumba za watu kitamletea mtoto maswali asiyoweza kuyajibu. Hii ni sababu nyingine ya kukubaliana na Mwalimu.

Mpiga Picha, Jinja:

Ninaheshimu waliotangulia, lakini nina maoni tofauti. Vidroni vya kuchezea huwakatisha watoto tamaa, kwa sababu vinapeperuka, betri zake huisha kabla mtoto hajaanza kufurahi, na baada ya wiki chache vinatupwa kabatini. Mimi ningesubiri, nikaongeza akiba na kununua DJI Mini 2 SE au Mini 4K iliyotumika, ambayo ina uzito wa chini ya gramu 250, inakaa angani karibu nusu saa, na ukiachia vijiti inasimama hewani yenyewe kwa msaada wa setilaiti. Akikua anaweza hata kupata riziki kwa kupiga picha za harusi na mashamba. Ipo pia DJI Neo ya mwaka 2024, ya gramu 135, inayopaa kutoka kiganjani na yenye kinga za propela, ingawa bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 199, ambayo wakati huo ilikuwa zaidi ya laki saba kabla ya usafiri na ushuru.

Mwalimu wa Sayansi, Tororo:

Ndugu yangu wa Jinja, kwa mtu wa kazi yako hayo yote ni kweli. Lakini hiyo sifa ya droni kusimama yenyewe ndiyo inayonifanya nisite, kwa sababu anayejifunza juu ya droni inayojisimamia hajui kuidhibiti siku inapopoteza setilaiti karibu na jengo au chini ya miti. Isitoshe, Mini ni droni ya nje, ina kamera nzuri, na yote aliyoyaeleza ndugu wa Entebbe yanaiangukia moja kwa moja. Kumpa mtoto wa miaka 12 chombo ambacho hawezi kukirusha popote karibu na kwao ni kumnunulia kitu cha kutazama.

Kupeperuka ulikokutaja kunatibika ukichagua droni yenye barometa, yaani kipima shinikizo la hewa, ambayo hushikilia kimo chenyewe. Wapo wanaosema mtoto aanze bila msaada huo, nami kwa mwenye miaka 12 ninaona ni ukali usio na faida. Ashikiliwe kimo, ahangaike na mielekeo, na mengine yatafuata.

Kama Mjomba anataka kitu cha kumkuza mtoto zaidi ya urushaji, amtafutie Tello ya kampuni ya Ryze. Ilitoka mwaka 2018 kwa dola 99, ina uzito wa gramu 80 na huruka kwa takriban dakika 13, na kamera yake ni ya kawaida tu. Ubora wake ni kwamba mtoto anaweza kuiandikia programu, kwa vipande vya Scratch au kwa Python, ambazo ni lugha za kuandikia programu, akaiambia ipae, isonge mbele sentimita 50, igeuke digrii 90, irudie mara nne, kisha itue, na anapoona droni imechora mraba hewani anaelewa jiometri kwa namna ambayo ubaoni siwezi kuifikia. Haina rimoti yake. Huongozwa kwa simu. Tena hujishikilia kwa kuitazama sakafu kwa kamera ya chini, hivyo sakafu ya vigae vinavyong'aa au chumba chenye giza huifanya iteleze. Tandika mkeka wenye mapambo na ufungue mapazia. Kwa kuwa si mpya tena sokoni, hakikisha kwanza kwamba betri zake bado unaweza kuzipata.

Fundi wa Redio, Arua:

Mjomba, mtoto aliyelehemu waya wa spika ni wa kwetu, kwa hiyo nitazungumzia yaliyomo ndani ya boksi.

Maandishi "4K", yaani video yenye picha kali sana, kwenye droni ya laki moja au mbili yapuuze kabisa. Mara nyingi kamera ni dhaifu na picha imevutwa kwa programu ili ionekane kubwa. Neno "GPS", yaani kujua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti, lijaribu kwa kuomba uiwashe mahali pa wazi, maana programu ya droni yenye GPS ya kweli huonyesha idadi ya setilaiti ilizozipata. Na kitufe cha kurudi nyumbani kwenye droni isiyo na GPS hakijui nyumbani ni wapi. Kinachofanya ni kuirudisha droni kinyumenyume kuelekea upande ambao mkia ulikuwa ukitazama ilipoondoka, na kama imeshapeperushwa pembeni inapita na kwenda zake.

Uliza mota ni za aina gani. Droni za bei ndogo hutumia mota zenye brashi, ambazo huchakaa kwa matumizi, na hiyo si kasoro ya kukufanya uache kununua mradi vipuri vipatikane. Kwa mtoto wako hata ni faida, kwa kuwa atajifunza kuzibadilisha. Mwonyeshe kwamba mbili huzunguka kama saa na mbili kinyume chake, na kwamba kwa kawaida waya nyekundu na buluu ni za mota ya kwenda kama saa, nyeupe na nyeusi ni za kinyume. Propela nazo zina alama ndogo za A na B karibu na tundu la katikati. Ukizichanganya, droni inajibinua palepale inapotaka kupaa, na watu wengi hudhani imeharibika wakaitupa. Mota moja ikipungua nguvu ghafla, angalia kwanza kama unywele au uzi wa zulia umejisokota kwenye mhimili wake chini ya propela, mtoto autoe kwa ncha ya sindano bila kuvuta kwa nguvu.

Mjomba wa Kasese:

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimeamua kuanza na droni ndogo ya ndani isiyo na kamera, yenye kinga na inayoshikilia kimo, pamoja na betri za ziada, seti mbili za propela na mota za aina zote mbili. Barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga nitaipeleka kabla ya kununua, na kiasi kitakachobaki nitakiweka kwa ajili ya Tello mwakani, mtoto akiwa ameweza ile nane ya Mwalimu. Mpiga Picha, nawe nimekusikia, na Mini nitaifikiria atakapokuwa mtu mzima mwenye kibali chake.

Limebaki jambo moja. Umeme kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo, nami nimesikia kwamba betri hizi zinaweza kuwaka moto. Tuzichaji vipi?

Fundi wa Redio, Arua:

Tumia pawabenki. Chaja za droni hizo ndogo nyingi ni za USB, na pawabenki huziepusha na umeme unaorudi kwa kishindo, tena mtoto ataendelea na mazoezi hata taa zikiwa zimezimika. Betri ni za lithiamu za volti 3.7, zikijaa hufika 4.2. Akimaliza kurusha aiache ipoe kabla ya kuichaji, achaji juu ya sakafu ya saruji mbali na godoro na mapazia, na mtu mzima awe chumbani mpaka mwisho. Zisizotumika kwa siku nyingi zisikae zimejaa wala zisikae tupu. Ziache karibu volti 3.8, na kipimo cha umeme ambacho mtoto hupimia redio kinatosha kabisa kuzikagua. Betri iliyovimba, hata kidogo, isichajiwe tena wala isitobolewe. Muitoe ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Na utakapokuwa njiani kutoka Kampala, usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani.