Je, mwani wa hadubini unaweza kuoteshwa katika maji taka ya mkonge?

Fundi wa Korogwe: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika kiwanda kidogo cha mkonge, ambapo nyuzi hazizidi asilimia 5 ya uzito wa jani, na sehemu nyingine yote hutoka kwenye korona, mashine ya kutenga nyuzi, ikiwa makapi na maji machachu yanayotiririkia bondeni. Nimesoma kwamba mwani mdogo usioonekana bila hadubini, kama Chlorella, husafisha maji huku ukikua. Je, tunaweza kuuotesha humo moja kwa moja, kisha tuukaushe uwe chakula cha kuku?

Mkemia wa maji: Ndugu Fundi, nakusihi usianze na maji mabichi. Yana tindikali na sukari nyingi, hivyo bakteria watamaliza oksijeni kabla mwani haujashika, na rangi yake nzito huzuia mwanga. Kule Hale, mkoani Tanga, makapi ya mkonge yalielekezwa kwenye mtambo wa bayogesi, nami ningefuata njia hiyo, kwa kuwa mtambo huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaooza na kuacha naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo mwani unazitaka. Hata hivyo, yazimue kwanza maji yanayotoka mtamboni, kwani amonia ikizidi huudhuru mwani, hasa pH (kipimo cha tindikali au magadi majini) inapopita 9, na mwani wenyewe huipandisha pH mchana unapotumia hewa ukaa.

Mama Mabwawa: Naongezea kuhusu bwawa. Kina cha sentimita 30 hivi kinatosha, maji yakizungushwa polepole kwa gurudumu la makasia, kwa mfumo ambao mhandisi William Oswald aliuendeleza huko California tangu miaka ya 1950. Ugumu hasa ni kuvuna, na hapo ndipo ningeweka fedha kwanza. Seli ya Chlorella ina upana wa maikromita chache tu, hupenya kitambaa cha kawaida na huchelewa mno kutuama. Spirulina, aina nyingine ya mwani na chakula cha heroe wa maziwa ya magadi kama Bogoria, ina umbo la uzi na hunaswa kwa kitambaa, lakini hutaka maji ya magadi yenye pH ya 9 hadi 10 na zaidi kidogo.

Fundi wa Korogwe: Nashukuru sana. Na kuku je?

Mkemia wa maji: Mwani hunasa metali zilizomo majini, ndiyo maana ule uliooteshwa katika maji ya kiwanda cha ngozi yenye kromiamu haufai kulishwa mnyama. Maji yenu yana hatari ndogo zaidi, lakini pelekeni maji na mwani wenyewe maabara, mkapimiwe metali na vimelea. Kabla ya majibu kutoka, msimlishe kuku hata mmoja.