Waini ya kunywa na msosi wa kawaida nyumbani, tuanzie wapi?

kijana_tabata: Wadau habari za jioni. Mimi na wife wikendi tunapenda glasi moja moja ya waini na chakula cha usiku, shida kila tukifungua nyekundu inakausha ulimi na kwa hili joto la Dar inakuwa kama chai, na tunaambiwa nyekundu haiwekwi friji. Msosi wetu ni ugali nyama, wali samaki, pilau siku moja moja. Naombeni ushauri, ila isiwe ya bei ya kutisha.

binti_mgogo: Mkuu weka friji. Hiyo habari ya kuiacha nje ni ya nchi za baridi, huko ndani ni kama nyuzi 18, sebule ya Dar ni 30 na pombe inapanda puani tu hata zabibu huisikii. Nusu saa inatosha. Kukausha ulimi ni tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu, ukiionja tumbo tupu utaichukia, subiri mpaka una kipande cha nyama choma yenye mafuta mdomoni ndo upige fundo, inalainika kabisa. Pilipili nyingi hapana, itakuunguza mara mbili.

mkulima_hombolo: Na ununue ya Dodoma jamani!! Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, viwanda haviwezi kununua zote, mtu zabibu zinamuozea shambani au anakamua anabaki na mchuzi wa zabibu kwenye matanki anatafuta mteja, halafu mjini watu wanabeba chupa za kutoka nje. Ile nyekundu ya zabibu za Makutupora haina makuu, kwa ugali na nyama naiona inatosha kabisa. Kwa samaki wa nazi tafuta nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc, ina uchachu kama umekamulia ndimu. Angalia tu lebo, kama ni ya sukari hiyo kaa nayo baada ya kula, kwenye chakula chukua drai, ile isiyo na utamu.

kijana_tabata: Asanteni sana, na ikibaki nusu chupa?

binti_mgogo: Ifunge vizuri irudi friji, hata nyekundu, siku tatu nne iko poa. Ikianza kuchacha lowekea nyama ya kuchoma na kitunguu swaumu, usimwage.